Shahada ya mtandaoni kwa mtu mwenye ajira: unapimaje kama inakufaa kabla ya kulipa ada?

Kalamu_ya_Jioni ameuliza:

Salaam wadau. Naomba hili tulijadili kwa hesabu na hatua, maana visa vya "fulani alisoma akapanda cheo" tumeshavisikia vya kutosha.

Tuchukue mtu mwenye ajira ya kudumu, stashahada mkononi, familia inayomtegemea, umri kati ya miaka 30 na 50. Kila akifungua simu anakutana na tangazo la shahada ya mtandaoni: soma kwa muda wako, kazi inaendelea, miaka 3 umemaliza. Sihoji kama kusoma kwa masafa ni elimu halali. Chuo Kikuu cha London kilianza kuwatahini watu wasiohudhuria madarasa yake tangu 1858, UNISA ya Afrika Kusini ilianza kufundisha kwa masafa 1946, na Open University ya Uingereza ilipokea wanafunzi wake wa kwanza 1971. Hoja hiyo ilishakwisha.

Ninachouliza ni hiki: kabla hajalipa hata ada ya maombi, mtu huyu anapimaje kama shahada hiyo inamfaa yeye? Inadai saa ngapi za kweli kwa wiki? Anahakikishaje kwamba cheti hakitakataliwa mbele ya safari? Hesabu ya fedha inakaaje? Na wanaoacha katikati huwa wanakwama wapi?

SaaZaUsiku amejibu:

Anza na saa, ndugu. Ada inaweza kukopwa, saa haikopeki.

Krediti ni kipimo cha kazi ya masomo; kila krediti ina saa zake, na chuo makini huziandika kwenye maelezo ya programu. Uingereza krediti 1 huhesabiwa kuwa saa 10 za kujifunza, na shahada ya kwanza kamili ni krediti 360, yaani saa 3,600. Katika mfumo wa Ulaya wa ECTS krediti 1 ni saa 25 hadi 30, na shahada ya kwanza ina krediti 180 hadi 240; ukichukua viwango vya chini kabisa unapata saa 4,500. Marekani krediti 1 ni kama saa 1 ya darasa pamoja na saa 2 za kujisomea kila wiki, kwa wiki zipatazo 15. Hizo ni saa 45, na shahada huwa na krediti 120, jumla saa 5,400. Kwa hiyo usilinganishe idadi ya krediti za mifumo miwili tofauti. Zigeuze ziwe saa kwanza, ndipo ulinganishe.

Sasa chukua wiki ya mtu mzima. Ina saa 168. Toa 56 za usingizi, 45 za kazi, 10 za kwenda na kurudi kazini, 21 za kula, kuoga na shughuli za nyumbani, 20 za watoto, wazazi na ibada. Zimebaki 16, na hapo hujaumwa, hujaenda msibani, na bosi hajakuongezea kazi ya mwisho wa mwezi. Mtu mwangalifu atapanga saa 12, kwa wiki 44 za mwaka. Hizo ni saa 528.

Gawanya. 3,600 kwa 528 ni karibu miaka 7. 5,400 kwa 528 inapita miaka 10. Ndiyo maana Open University humweka mwanafunzi wa muda kwenye krediti 60 kwa mwaka, akamaliza kwa miaka 6, na hata hapo wanamwambia atenge saa 16 hadi 18 kwa wiki wakati moduli (somo moja la programu) inaendelea. Tangazo linaloahidi miaka 3 kwa mtu anayefanya kazi siku nzima lina maana moja kati ya hizi: wanategemea utahamisha krediti nyingi ulizonazo, au wanahesabu saa 25 na zaidi kwa wiki bila kukuambia, au programu ni nyepesi kuliko inavyopaswa. Waulize ni ipi.

Kwa shahada ya uzamili hesabu ni ileile. Krediti 180 za Uingereza ni saa 1,800. Ukiambiwa miaka 2, hizo ni zaidi ya saa 17 kila wiki kwa wiki 104 mfululizo, bila likizo hata moja.

Ni kweli saa hizi ni makadirio. Mhasibu mwenye uzoefu wa miaka 12 ataimaliza moduli ya uhasibu wa awali kwa nusu ya muda. Lakini mhasibu huyohuyo akifika takwimu au mbinu za utafiti atatumia mara mbili. Zikichanganywa zinarudi palepale.

Kabla ya kulipa chochote, fanya jaribio la wiki 4. Chukua somo la bure lililo gumu kuliko yote katika programu unayoitaka (takwimu, hisabati, au uandishi wa kitaaluma kama hujaandika insha miaka mingi). MIT OpenCourseWare na OpenLearn ya Open University wana masomo kamili yasiyolipiwa. Soma saa 12 kwa wiki, fanya mazoezi yote, na andika kwenye daftari saa ulizosoma kweli, siku kwa siku. Usihesabu muda ambao video inacheza huku unapika. Mwisho wa wiki 4 usiangalie wastani, angalia wiki mbaya kuliko zote. Muhula halisi una wiki 12 hadi 15, na wiki za namna hiyo zitakuja tatu au nne, mara nyingi zikigongana na tarehe ya kukabidhi kazi. Kama wiki yako mbaya ilikuwa saa 8, jisajili moduli moja tu. Kama ilikuwa saa 2, ahirisha, na upange upya nani nyumbani atabeba nini kabla hujafikiria chuo.

Mlango_wa_Ithibati amejibu:

Nimjibu mwuliza swali kuhusu cheti kukataliwa, maana watu wengi huuliza kitu kimoja ("je, chuo kina ithibati?") wakati maswali ni manne, na moja likikosa jibu unaweza kupoteza miaka yote.

La kwanza: chuo kinatambuliwa na mamlaka ya elimu ya juu ya nchi kilikosajiliwa? Jibu hili usilitafute kwenye tovuti ya chuo. Nenda kwenye orodha ya mamlaka yenyewe. Kama huijui mamlaka ya nchi hiyo, pitia hifadhidata ya WHED, inayotunzwa na Umoja wa Kimataifa wa Vyuo Vikuu kwa kushirikiana na UNESCO; huorodhesha vyuo vinavyotambuliwa na mamlaka za nchi zao. Kwa Marekani angalia pia hifadhidata ya CHEA (baraza la ithibati ya elimu ya juu), kwa Ulaya angalia mashirika ya ubora yaliyomo kwenye rejista ya EQAR. Ukikuta chuo kinajitangaza kuwa "kimepewa ithibati na UNESCO", funga ukurasa. UNESCO haitoi ithibati kwa chuo chochote. Na jihadhari na mashirika ya ithibati ya kubuni: walaghai wanaouza vyeti huanzisha na "bodi ya ithibati" yao wenyewe, yenye nembo, anwani na majina ya kuvutia. Mwaka 2015 ilifichuliwa kampuni ya Pakistan iitwayo Axact iliyokuwa nyuma ya mamia ya tovuti za vyuo hewa, baadhi zikiwa na mashirika hewa ya ithibati ya kuvitetea vyuo hivyo. Kwa hiyo thibitisha chuo, kisha mthibitishe anayekithibitisha.

La pili: programu hiyo, kwa njia ya mtandao, imo ndani ya ithibati hiyo? Chuo kinaweza kuwa halali kabisa, na shahada ya darasani ikawa halali, lakini toleo la mtandaoni likawa halijapitishwa, au limepitishwa kwa kipindi kinachoisha kabla hujahitimu. Omba barua au kiungo cha tovuti ya mamlaka kinachotaja jina la programu, njia ya kufundishia na tarehe ya mwisho ya ithibati.

La tatu, na hili ndilo linaloumiza: cheti kitatambuliwa na nchi au ofisi utakapokitumia? Mkataba wa Kimataifa wa UNESCO wa kutambuana sifa za elimu ya juu ulipitishwa 2019 na kuanza kutumika Machi 2023, na unataka nchi wanachama wasizikatae sifa kwa sababu tu zimepatikana kwa njia isiyo ya kawaida. Lakini si nchi zote zimeuridhia, na hata zilizouridhia zina chombo chao kinacholinganisha vyeti vya nje. Vyombo hivyo huweza kuuliza ulisoma kwa njia gani, ukiwa wapi, na mitihani ilisimamiwaje. Waandikie KABLA ya kujisajili, taja jina kamili la chuo, programu na njia ya kusoma, na uhifadhi jibu lao. Jibu la simu halina thamani miaka 6 baadaye, wakati aliyelipokea swali lako ameshahama ofisi.

La nne linahusu fani zenye leseni: uuguzi, ualimu, sheria, uhandisi, famasia, ushauri nasaha. Hapo bodi ya taaluma ina sauti kuliko chuo. Uhandisi, kwa mfano, una Makubaliano ya Washington ya 1989, ambamo nchi zilizotia saini hutambuana programu zao; shahada isiyoangukia humo inaweza kukuacha na jina la mhandisi bila haki ya kusajiliwa. Tena fani hizi zina mafunzo kwa vitendo ambayo hayafanyiki kwenye skrini. Uliza: saa ngapi za vitendo? Mchana au jioni? Nani anamtafutia mwanafunzi kituo, chuo au yeye mwenyewe? Mwanafunzi aliyemaliza nadharia yote akakosa kituo cha vitendo hana shahada.

Watu huulizana sana kama cheti chenyewe kitaandikwa "mtandaoni". Vyuo vingi haviandiki. Ila usijenge mpango wako juu ya kuficha, kwa sababu nakala ya matokeo, viza usiyokuwa nayo na tarehe zako za ajira vitaonyesha ulikuwa wapi. Mwombaji mwenye barua ya utambuzi mkononi hana cha kuficha.

Kalamu_ya_Jioni:

Nashukuru sana nyote. Hilo la "programu kwa njia ya mtandao" sikuwa nimelitenganisha na ithibati ya chuo. Naomba mwenye ujuzi wa hesabu za fedha atusaidie, na kama inawezekana bila kutaja sarafu, maana wasomaji wako nchi tofauti.

Daftari_la_Ada amejibu:

Bila sarafu inawezekana, dada, na ni bora zaidi. Pima kila kitu kwa mishahara ya mwezi: mshahara wa mwezi mmoja, baada ya makato, uwe kipimo 1.

Orodhesha gharama kamili. Ada ya masomo ndiyo kubwa, lakini juu yake weka ada ya maombi, usajili wa kila mwaka, ada ya mitihani, ada ya usimamizi wa mtihani kwa kamera ikiwa inatozwa kando, vitabu, mitihani ya marudio (weka angalau miwili, hata ukijiamini), ada ya kuendelezwa muda wa tasnifu, ada ya mahafali, nakala rasmi za matokeo na tathmini ya cheti kwenye chombo cha ulinganisho. Ongeza kompyuta, bando la intaneti, umeme wa akiba, na siku za likizo isiyolipwa wakati wa mitihani. Kama chuo kinatoza kwa fedha za kigeni, ongeza tahadhari ya kushuka kwa sarafu yako katika miaka yote ya masomo. Na uulize kama ada unayoonyeshwa imefungwa hadi mwisho au hupandishwa kila mwaka.

Tuseme ada ni vipimo 10 na hayo mengine ni 4. Jumla 14.

Sasa upande wa mapato. Usiandike mshahara unaotamani. Chukua waraka wa mishahara wa mwajiri wako, au matangazo ya kazi 20 hadi 30 ya nafasi unayoilenga, uone ni mangapi yanadai shahada na yanalipa kiasi gani. Tuseme tofauti baada ya kodi ni asilimia 15. Kwa mwaka hiyo ni vipimo 1.8. Gawanya 14 kwa 1.8, unapata karibu miaka 8 ya kurudisha fedha, na hesabu inaanza baada ya kuhitimu. Mtu wa miaka 38 akisoma miaka 6, anahitimu na 44, fedha zake zimerudi akiwa na 52 hivi. Inavumilika. Mtu wa miaka 50 anayestaafu na 60 anahitimu na 56. Miaka 4 iliyobaki inamletea vipimo 7.2, nusu ya alichotoa. Huyo asisome kwa ajili ya mshahara. Akiwa na sababu nyingine, kama kufundisha baada ya kustaafu, aihesabu hiyo kwa uwazi.

Kisha zidisha ongezeko kwa uwezekano. Kama kupanda cheo ni nusu kwa nusu, 1.8 inakuwa 0.9, na miaka 8 inakuwa karibu 16. Hapa ndipo maamuzi mengi yanapogeuka, na ndipo watu hawapendi kupiga hesabu.

Kinachoweza kuirudisha hesabu upande wako kuliko kitu kingine ni kutambuliwa kwa masomo ya awali. Chuo kikikubali asilimia 40 ya krediti kutokana na stashahada na uzoefu wako, gharama inashuka kutoka 14 hadi kama 8.4, miaka ya kurudisha fedha kutoka 8 hadi chini ya 5, na saa za SaaZaUsiku zinapungua vivyo hivyo. Kwa hiyo omba tathmini ya krediti kwa maandishi kabla ya kukubali nafasi. Peleka nakala za matokeo pamoja na mihtasari ya masomo uliyosoma, kwa sababu chuo hulinganisha maudhui na si majina. Bila mihtasari, somo la "Uhasibu II" linaweza kukataliwa kwa kuwa hakuna anayejua lilikuwa na nini. Angalia mambo mawili: krediti nyingine huwa na umri wa mwisho, hasa za teknolojia, na vyuo huweka kiwango cha krediti ambacho lazima usomee kwao. Na kukubaliwa krediti 50 "za hiari" hakukusaidii kama programu ina nafasi ya hiari 15 tu. Uliza ni moduli zipi, kwa majina, hutazisoma.

Kuhusu mwajiri kulipa: soma mkataba wa ufadhili kabla ya kufurahi. Utafungwa kazini muda gani baada ya kuhitimu? Ukiondoka mapema unarudisha zote, au zinapungua kadiri unavyotumikia? Ukipunguzwa kazi na mwajiri mwenyewe, deni linabaki? Wanalipa mwanzoni mwa muhula au wanakurudishia baada ya kufaulu? Hilo la mwisho lina maana kwamba lazima uwe na ada ya muhula mzima mfukoni, na ukipata marudio hurudishiwi.

Fundi_Vyeti amejibu:

Naongeza upande ambao haujaguswa: labda huhitaji shahada kabisa. Jiulize mlango unaotaka kuufungua umefungwa na nini. Kama umefungwa na ujuzi (huwezi kuandika programu, kuchambua takwimu, kusoma hesabu za kampuni), kozi ya miezi 4 hadi 9 yenye kazi za vitendo itaufungua mapema zaidi. Kama umefungwa na sifa ya taaluma, mara nyingi kuna cheti cha taaluma hiyo kisichodai shahada. PMP ya wasimamizi wa miradi inamkubali mwenye elimu ya sekondari akiwa na miezi 60 ya kuongoza miradi pamoja na saa 35 za mafunzo. Mwenye shahada anadaiwa miezi 36. Kwa mtu ambaye tayari ana miaka 5 ya kuongoza miradi, shahada haimpunguzii kitu hapo.

Mlango_wa_Ithibati:

Fundi_Vyeti, nakubaliana nawe nusu. Kuna milango iliyofungwa na neno "shahada" lenyewe: muundo wa utumishi unaoweka ngazi kwa kiwango cha elimu, kujiunga na uzamili, alama za uhamiaji katika nchi zinazotumia mfumo wa alama, leseni za fani nilizotaja. Pale hakuna cheti kifupi kinachosaidia. Njia rahisi ya kujua ni kuomba kwa idara ya utumishi waraka unaotaja sifa za cheo unachokilenga, usome kama umeandikwa "shahada" au "shahada au sifa inayolingana". Maneno hayo matatu ya mwisho yana uzito wa miaka 6.

Fundi_Vyeti:

Sawa kabisa. Na kama waraka unasema "shahada yenye uhusiano na kazi", uliza uhusiano unaamuliwa na nani, maana mtu anaweza kumaliza shahada ya usimamizi akaambiwa ilitakiwa ya uhasibu.

Meza_ya_Mitihani amejibu:

Swali la wanaokwama wapi bado halijajibiwa, basi niliingie.

Wengi hukwama muhula wa kwanza, kwa kujisajili moduli 3 au 4 kwa sababu ada ya muhula ni ileile. Moduli 2 zinamtosha mtu mwenye kazi, na muhula wa kwanza kabisa ni bora iwe 1. Kufeli moduli mbili mwanzoni kunashusha wastani kiasi kwamba unahitaji miaka kuurudisha, na vyuo vingine vitakudisko, yaani vitakuondoa masomoni.

Kazi za vikundi ni mtego wa pili. Wenzako wako kanda tofauti za saa, na mkutano wa saa 2 usiku kwao unaweza kuwa saa 9 alfajiri kwako. Kabla ya kujisajili uliza ni moduli ngapi zina kazi ya kikundi, na ni vipindi vingapi lazima uhudhurie moja kwa moja badala ya kutazama rekodi. "Soma kwa muda wako" mara nyingi ina vighairi ndani ya mwongozo wa moduli. Mikutano ya video nayo inakula bando: kwa ubora wa juu kadiria zaidi ya GB 1 kwa saa, na ukizima kamera na kupunguza ubora inashuka sana. Vipindi 3 kwa wiki vya saa mbilimbili kwa muhula wa wiki 14 ni saa 84, usijeshtuka.

Mtihani wa kusimamiwa kwa kamera una makosa yake, na karibu yote yanazuilika:

Kompyuta ya ofisini haifai. Programu ya usimamizi hutaka ruhusa ya msimamizi wa mfumo na hufunga programu nyingine zote. Ulinzi wa ofisi huizuia, na unaligundua hilo dakika 10 kabla ya mtihani. Tumia kompyuta yako, na fanya jaribio la mfumo wiki moja kabla, kwenye chumba kilekile na mtandao uleule.

Jina kwenye kitambulisho lazima lilingane na jina la usajili, herufi kwa herufi. Waliobadili jina baada ya ndoa au wenye majina matatu kwenye hati moja na mawili kwenye nyingine hurudishwa mlangoni. Sahihisha siku ya kujisajili.

Chumba kiwe na mlango unaofungwa. Mtoto akiingia, au mtu akiongea nyuma yako, mfumo unarekodi kama tukio la kushukiwa na binadamu ataliangalia baadaye. Kusoma swali kwa sauti huleta shida ileile.

Umeme au mtandao ukikatika, piga picha ya saa na hali iliyopo, ingia tena kwa simu kama kanuni zinaruhusu, kisha tuma barua pepe kwa ofisi ya mitihani ndani ya muda uliowekwa, ambao mara nyingi ni mfupi. Asiyetuma hesabu yake ni "hakukamilisha".

Kwa insha, hifadhi rasimu zako zote na historia ya matoleo ya faili. Vyuo vinahoji siku hizi kama kazi imeandikwa na akili bandia, na mashine za kutambua hilo hukosea. Mwanafunzi anayeweza kuonyesha rasimu 5 zinazokua siku hadi siku anajitetea vizuri. Mwenye faili moja lililozaliwa usiku wa mwisho hana ushahidi.

Kisha tasnifu. Moduli zina tarehe zinazokusukuma, tasnifu haina. Panga mada inayotumia takwimu unazoweza kuzipata, na ombi la kibali cha maadili ya utafiti lipelekwe mapema, kwani linaweza kuchukua wiki kadhaa na huruhusiwi kukusanya takwimu kabla yake. Takwimu za mwajiri wako zinahitaji ruhusa ya maandishi. Wakikataa katikati, unaanza upya.

Mnapotaja takwimu za wanaoacha, tenganisheni kozi huria (za mtandaoni, zilizo wazi kwa yeyote kujisajili) na shahada. Uchambuzi wa kozi huria za MIT na Harvard uliochapishwa 2019 ulionyesha wanaomaliza ni kama 3 kwa kila 100 wanaojisajili, lakini humo wamo waliobonyeza tu kuangalia. Shahada ina ada, tarehe na wakufunzi, kwa hiyo usiitumie namba hiyo kutisha watu. Ukitaka namba inayokuhusu, kiulize chuo: kati ya wanafunzi wa muda walioanza programu hii miaka 7 iliyopita, wangapi wamehitimu? Chuo kinachojijua kitakujibu.

Kalamu_ya_Jioni:

Nina swali moja la mwisho. Mtu akianza, kisha ndani ya wiki chache akaona haiwezekani, anatokaje bila hasara kubwa?

Daftari_la_Ada:

Kuna tarehe tatu za kuandika ukutani siku ya kujisajili. Tarehe ya mwisho ya kujitoa ukarudishiwa ada, ambayo huwa mapema mno, pengine wiki ya 2 au ya 3. Tarehe ya mwisho ya kujitoa bila kuandikiwa kufeli, ambapo fedha zimeshakwenda lakini matokeo yako yanabaki safi. Na muda wa juu wa kukamilisha programu, pamoja na sheria ya kama miaka ya kuahirisha inahesabiwa ndani yake.

Kuacha kuingia kwenye mfumo si kujitoa. Jaza fomu, pata uthibitisho, na kama ni ugonjwa au kufiwa ambatisha ushahidi uombe kuahirishwa badala ya kujitoa, kwa sababu aliyeahirisha anarudi na krediti zake. Uliza pia kama ukiondoka katikati unapewa cheti au stashahada kwa krediti ulizomaliza. Programu nyingi zina ngazi hizo za kutokea, ila lazima uziombe.

SaaZaUsiku:

Na wiki ya 2 ya muhula, kabla tarehe ya kurudishiwa ada haijapita, fungua lile daftari la saa ulilolianza kwenye jaribio. Kama wiki mbili za mwanzo, ambazo ndizo nyepesi, hazijafika saa ulizopanga, punguza moduli siku hiyohiyo. Usingoje wiki ya 6.